Kura ni ya Mtu au ya Ukoo?

Siku chache baada ya uchaguzi, tulikuwa darasani hapa Arua tukifundisha upatanisho wa ngeli. Ubaoni tulikuwa tumeandika sentensi moja fupi: "Kura ni siri ya mpiga kura." Tuliichagua kwa ajili ya sarufi yake tu, wala hatukuwa na nia ya kufundisha uraia. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono, akasimama, akasema kwa adabu: "Mwalimu, sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini si kweli. Kwetu kila mtu anaijua kura ya kila mtu. Babu alitaja jina jioni, na asubuhi wakubwa wote wa nyumba wakaondoka pamoja." Wenzake wakacheka. Sisi tulimshukuru, tukamwambia akae, kisha tukarudi kwenye ngeli, kama afanyavyo mwalimu anaposhikwa na swali lililomzidi kimo. Makala haya ni jibu ambalo ilitupasa kumpa siku ile. Tumeona vema kuliandika katika jarida hili, maadam hatuna shaka kwamba walimu wenzetu nao wamepata kuulizwa swali la namna hiyo, kwa maneno hayo au kwa mengine.

Kwanza tuliweke swali lenyewe wazi. Mtu aendapo kupiga kura, aenda kama nani? Aenda kama yeye mwenyewe, mwenye akili yake na dhamiri yake, au aenda kama mjumbe wa ukoo, wa dini na wa eneo alimozaliwa? Na akienda kama mjumbe, je, ametenda kosa? Msomaji asidhani kuwa jibu ni jepesi. Wako wataalamu wasemao kwamba kura ya ukoo ni ujinga utakaokwisha shule zikienea. Lakini shule zimeenea, na kura ya ukoo ingalipo; tena mara nyingi huongozwa na watu waliosoma. Kwa hiyo yatubidi tuchimbe zaidi.

Watu wa mbali husema kwamba Arua na Koboko ni nchi ya wahafidhina: watu wanaoheshimu wazee, wanaoshika dini, wasiopenda mabadiliko ya ghafla, na ambao wakishaamua huamua kwa makundi. Hatuwezi kukana kuwa kuna kweli ndani yake. Vyama vya kwanza vya Uganda vilikua vikiegemea madhehebu. Democratic Party, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilitazamwa kuwa chama cha Wakatoliki. Uganda People's Congress, kilichoundwa mwaka 1960, kilitazamwa kuwa chama cha Waprotestanti. Katika mji wenye misheni ya Ediofe upande mmoja na kanisa la Mvara upande wa pili, pamoja na misikiti ya Wanubi, Waaringa na Waislamu wengine, mtoto aliweza kuzaliwa na chama kama alivyozaliwa na jina. Hakumwuliza baba yake sababu ya chama, kama vile hakumwuliza sababu ya kuitwa kwa jina la babu.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumewadhulumu wazee wetu. Walugbara wa zamani hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na mzee wake, na neno la mzee lilisikilizwa kwa kuwa alisimama kati ya walio hai na wahenga waliokwisha kufa. Kukubaliana lilikuwa jambo kubwa. Lakini kukubaliana kule kulipatikana kwa kusema: watu waliketi, wakalalamika, wakatajiana makosa, mpaka mioyo ikapoa. Umoja ulikuwa tunda la mazungumzo. Tunapouona leo umoja usiotanguliwa na mazungumzo yoyote, yaani jina linalotajwa jioni na kufuatwa asubuhi, tusiuite mila. Huo ni mgeni aliyevaa nguo za mila.

Basi mgeni huyo ametoka wapi? Hapa hatuna budi kusimulia historia kidogo. Nchi hii ya magharibi ya Mto Nile ilikuwa sehemu ya eneo la Lado lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909, eneo hilo likarudishwa kwa utawala wa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. Hivyo katika muda wa miaka michache watu wa kijiji kimoja walitawaliwa na bendera tatu, pasipo kuulizwa hata mara moja. Chini ya Waingereza, vijana wetu walikwenda kwa wingi kukata miwa katika mashamba ya Buganda na Busoga, na wengine wengi waliingia jeshini. Nchi nyingine zilijulikana kwa kahawa au pamba yake. Yetu ilijulikana kwa mikono na migongo ya wanawe.

Kutoka katika jeshi hilo alitokea Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko. Aliipindua serikali tarehe 25 Januari 1971, akatawala hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Yaliyotendwa katika miaka ile yanajulikana, nasi hatukusudii kuyapunguza. Lakini liko jambo moja ambalo ni rahisi mno kulisahau: katika muda wote wa utawala wake, Amin hakuitisha uchaguzi wowote. Hakuna mtu wa Koboko aliyempigia kura, kwa kuwa hakupigiwa kura na mtu yeyote. Zaidi ya hayo, utawala wake uliwaua hata watoto wa nchi hii. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa mwaka 1974 na maiti yake ikapatikana katika Mto Nile.

Pamoja na hayo, baada ya mwaka 1979 watu wa West Nile walihesabiwa wote kuwa watu wa Amin. Mwezi Oktoba 1980, waliokuwa askari wake walivuka mpaka wakashambulia, na jeshi la serikali liliporudi lililipiza kisasi kwa raia. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Desemba 1980, uchaguzi mkuu wa Uganda ukafanyika, ilhali wengi wa wale ambao wangepiga kura Arua na Koboko walikuwa ng'ambo ya mpaka wakitafuta chakula na mahali pa kujihifadhi. Na tarehe 24 Juni 1981, raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji wa Arua, waliuawa na askari wa serikali humo humo walimodhani kuna usalama. Hawakuulizwa walilotenda. Ilitosha kujua walikozaliwa.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo twataka msomaji alitazame vizuri. Wale walioua Ombaci walishika fikra moja, nayo ni kwamba damu ni kura: kwamba mtu akizaliwa katika kabila fulani amekwisha kumchagua mkubwa aliyetoka katika kabila hilo, naye atalipia matendo ya mkubwa huyo. Sisi sote twaona kwamba fikra hiyo ni dhuluma. Lakini tukiikataa inapotuhukumu, je, yatufaa kuikubali inapotupangia namna ya kuchagua? Kama damu si kura siku ya adhabu, haiwezi kuwa kura siku ya uchaguzi. Mtu hawezi kusema leo, "Msinipige kwa sababu ya ukoo wangu," na kesho akasema, "Mimi nachagua kama ukoo wangu, sina la kufikiri." Maneno hayo mawili hayakai katika kinywa kimoja.

Twajua kwamba wako watakaotujibu kwa ukali, na jibu lao lina uzito. Mama mmoja auzaye samaki wakavu sokoni alipata kutuambia maneno haya: "Mwalimu, mimi nilizaa mtoto porini, upande wa Zaire, mvua ikininyeshea. Leo nafunga mlango wangu nalala. Anayenilaza ndiye nimpaye. Ninyi mnaotaka kujaribu mapya, mlikuwa wapi siku ile?" Hatukuwa na neno la kumjibu pale sokoni. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyepoteza kila kitu mara moja hana anasa ya kubahatisha, na uangalifu wake haustahili kudharauliwa na mtu ambaye hakupata kulala nje hata usiku mmoja. Kama uhafidhina wa mji wetu ni huo, basi si ujinga wala si uoga. Ni kumbukumbu.

Tena, maneno ya mama yule yana hoja ya maadili ndani yake, nayo ni hoja ya shukrani. Waliorudi kutoka uhamishoni walirudi kidogo kidogo, na baada ya mwaka 1986 serikali mpya ya National Resistance Movement iliwapokea hata baadhi ya waliokuwa wakipigana. Moses Ali, aliyeongoza jeshi la waasi la UNRF, alipewa uwaziri. Miaka ya tisini vita vilizuka tena, na tarehe 24 Desemba 2002 kundi la UNRF la Pili lilitia sahihi mapatano ya amani na serikali mjini Yumbe. Tangu hapo mashamba yakalimwa na shule zikajaa. Je, si haki kwamba aliyetendewa mema ashukuru? Asiyeshukuru tunamwitaje? Lugha yetu yenyewe yatufundisha kwamba fadhila ya punda ni mateke, na hakuna apendaye kufananishwa na punda. Dawa ya deni ni kulipa.

Hoja hii tunaiheshimu, lakini hatuwezi kuikubali yote. Deni la kweli lina mambo matatu: lina mdai anayejulikana, lina kiasi kinachohesabika, na lina mwisho. Tulipime deni la amani kwa mizani hiyo. Mdai ni nani? Amani ya nchi hii haikuletwa na mtu mmoja. Waliileta wazee waliokwenda msituni kuwasihi vijana wao, vijana waliokubali kuweka silaha chini, na mama waliowapokea waume waliorudi bila kitu. Waliileta pia wanavijiji wa Zaire na Sudan waliotupa mahali pa kulala na sehemu ya kulima. Tukilipa kwa kura, hao tutawalipa lini? Kiasi nacho ni kipi? Kura moja, au kura tatu, au kura za baba na mtoto na mjukuu? Na mwisho wake ni upi? Deni linalodaiwa upya kila baada ya miaka mitano, na ambalo halipungui kwa kulipwa, si deni tena. Ni kodi, na anayeilipa hana risiti.

Liko jambo jingine. Tunamshukuru mtu kwa alichotupa katika mali yake. Hatumshukuru kwa namna ile ile kwa kuturudishia kilichokuwa chetu. Usalama wa raia ni wajibu wa kwanza wa serikali yoyote, na ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Mlinzi wa usiku akilinda vizuri tunampa mshahara wake kwa heshima, hatumpi nyumba. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yaanza kwa kutamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Mwenye nyumba hawi mgeni katika nyumba yake, wala haombi ruhusa ya kulala.

Kwa habari ya wageni, nchi yetu ina mfano ulio mbele ya macho yetu. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini viliwaleta kwetu watu wengi mno. Kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe peke yake ilipokea zaidi ya watu 200,000. Wengi wao ni wana na wajukuu wa wale waliotupokea sisi miaka ya themanini. Je, twawaambia kwamba kwa kuwa wanalala salama hapa hawana haki ya kuwa na fikra zao? La hasha. Twasema kwamba mtu akikimbia risasi hupewa maji na mahali pa kujihifadhi kwa kuwa ni mtu. Ikiwa hatuwadai wageni utii wa daima, iweje wenyeji wadaiwe?

Shukrani inapogeuzwa kuwa deni huleta madhara mengine tena. Humfanya mtu apokee haki yake kama zawadi, na apokee zawadi ndogo badala ya haki kubwa. Mto Nile hupita Pakwach, na katika mto huo huo, kule Jinja, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Lakini umeme wa gridi ya taifa haukufika Arua mpaka mwaka 2024, miaka 62 baada ya uhuru. Katika muda huo chaguzi ngapi zilipita, na katika kila uchaguzi vipande vingapi vya sabuni na pakiti ngapi za chumvi ziligawiwa? Mkono mtupu haulambwi, husema wagombea. Nasi tumewazoeza kusema hivyo. Anayejua kwamba kura imekwisha kutolewa na ukoo hana haja ya kuhangaika na nguzo za umeme. Sabuni yamtosha.

Hapa huenda mtu akauliza: kama walio wengi wameridhika, sisi ni nani hata tuwasumbue? Wengi wape. Majirani zetu wa Tanzania walilikuta swali hili mwaka 1991, ilipoundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Katika kila watu kumi waliotoa maoni, karibu wanane walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wako waliolalamika kwamba wengi wamepuuzwa. Sisi twaona kwamba Tume iliona jambo la maana: haki ya wawili ya kuchagua tofauti haiwanyang'anyi wanane kitu chochote, ilhali kuwazuia wawili hao ni kuwanyang'anya yote. Na wale wanane waliendelea kukipigia kura chama chao kama walivyopenda. Lakini tangu siku ile kura yao ilikuwa na maana zaidi, kwa kuwa sasa wangeweza pia kukinyima. "Ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" haimpi heshima hata yule anayeambiwa.

Turudi sasa mjini kwetu, maana mwaka 2018 mji huu ulipiga kura mara mbili kwa namna mbili, nasi tuliona kwa macho yetu tofauti yake. Tarehe 10 Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, wa kwanza tangu mwaka 2001. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake, wakahesabiwa. Wenzetu wa Kenya wanaujua mtindo huo kwa jina la mlolongo. Waliuonja katika uchaguzi wa mwaka 1988, na hawausifu. Katika mstari wa namna hiyo hakuna asiyeonekana. Mwenye kukudai anakuona, aliyekukodisha chumba anakuona, shemeji anakuona. Huko mtu hupiga kura kwa miguu, na miguu yake huangaliwa na wote.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Agosti, ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Manispaa ya Arua. Mbunge wetu, Ibrahim Abiriga, alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 8 Juni. Marehemu alijulikana nchi nzima kwa kupenda rangi ya njano ya chama chake, hata nguo zake na gari lake vikawa vya njano. Na mji ulikuwa umemchagua mwaka 2016. Kampeni za kumpata mrithi wake ziliisha vibaya. Tarehe 13 Agosti gari la msafara wa Rais lilipigwa mawe. Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi aitwaye Bobi Wine, akauawa kwa risasi. Na watu 33 wakaja kushtakiwa kwa uhaini. Kassiano Wadri, mgombea huru, alikuwa kizuizini siku ya kupiga kura. Watu wakatoka nyumbani kimya kimya. Vituo vyetu huwa nje, chini ya miti au uwanjani, na mpiga kura hutia alama karatasi yake akiwa ameinamia beseni la plastiki, lile lile tunaloogeshea watoto, ili jirani asione. Jioni kura zikahesabiwa. Aliyekuwa kizuizini akashinda.

Hatusemi hivi kwa kumsifu mgombea mmoja au kumlaumu mwingine. Jarida hili si mahali pake, na mwenye kupenda rangi ya njano ana haki yake kamili. Twasema kwamba mji ulioitwa wa kihafidhina, uliodhaniwa kuwa kura yake inajulikana kabla ya mapambazuko, ulichagua mmoja mwaka 2016 na mwingine wa upande wa pili mwaka 2018, tena siku mbili tu baada ya risasi. Basi ndani ya watu wale waliotembea pamoja mlikuwa na fikra mbalimbali siku zote. Kilichohitajika ni beseni la kuzisitiri. Ibara ya 68 ya Katiba yaagiza kwamba kura ya uchaguzi wa umma iwe ya siri, na huenda wako wanaodhani kwamba siri hiyo ni kwa ajili ya waoga. Sivyo. Siri hiyo ni chumba ambamo dhamiri ya mtu hukaa peke yake na kuulizwa: wewe waonaje?

Lakini tujihadhari tusianguke upande wa pili. Tumewaona pia vijana wanaojiita wapenda mabadiliko wakimzomea mzee aliyevaa fulana ya njano, na kumwita msaliti. Huo nao ni ukoo, ila wazee wake ni vijana. Kupinga kwa kundi si bora kuliko kukubali kwa kundi, ikiwa kila mmoja ndani ya kundi hakupima. Tunamheshimu mama wa sokoni akipima na kuamua kwamba usingizi wake ndio jambo kubwa kuliko yote, kuliko tunavyomheshimu kijana anayepinga kwa sababu rafiki zake wanapinga. Hatuwaombi watu waache kuchagua wanayemchagua. Tunaomba kila mmoja awe ndiye aliyechagua.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna kazi yetu katika jambo hili, kwa sababu maneno ni mali yetu. Neno "kura" lilikuja kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa kura ya bahati, ile inayopigwa ili kugawa vitu bila ugomvi. Katika kura hiyo hakuna afikiriye. Bahati ndiyo iamuayo. Lugha yetu imelichukua neno hilo ikalipa kazi kubwa zaidi, kazi ya kupima na kuhukumu. Lakini mtu anayezaliwa na kura yake, kama anavyozaliwa na jina, amelirudisha neno kule lilikotoka: ameachia bahati ya kuzaliwa imwamulie. Na neno "siasa" je? Wazee wa pwani walilitumia pia kwa maana ya upole na utaratibu; mtu aliambiwa afanye jambo kwa siasa, yaani asikurupuke. Ingekuwa vema maana hiyo ifundishwe tena, hasa katika mji huu, ambamo wako wanaokumbuka Kiswahili kama lugha ya amri za askari. Na kijifunzwe sasa kama lugha ya watu wanaoulizana na kujibizana.

Tumjibu, basi, mwanafunzi wetu. Mwanetu, ulisema kweli kwamba kwenu kura haikuwa siri, na tulikosa kukunyamazia. Babu yako alitaja jina kwa kuwa aliwahi kuona nyumba nzima ikiadhibiwa kwa sababu ya jina moja, naye aliona kwamba nyumba itembeayo pamoja ni vigumu kuivunja. Usimcheke, na usiwaache wenzako wamcheke. Siku utakapotimiza miaka 18, keti naye, umwulize sababu zake, umsikilize mpaka mwisho, kisha umweleze zako. Huenda akakushinda kwa hoja. Basi fuata hoja yake, nayo itakuwa yako. Huenda usishawishike. Asubuhi mtembee pamoja mpaka kituoni kama kawaida, umshike mkono penye mashimo. Lakini mtakapofika kwenye beseni, mwache ainame peke yake, nawe ukiitwa uiname peke yako. Na mkirudi nyumbani, kama mlikubaliana au hamkukubaliana, mle chakula kimoja.

Sentensi ile tuliyoiandika ubaoni tutaiandika tena muhula ujao. Safari hii hatutaifuta kabla ya kuwauliza wanafunzi kama ni kweli.